Miguu Haikutiwa Kufuli

Asubuhi moja ya Ijumaa, ukungu wa Njombe ukiwa bado haujainuka, Wakili Yoram Luvanda alitoka ofisini kwake amebeba kiti. Kilikuwa kiti chake mwenyewe, kile cha ngozi kilichopasuka mgongoni, na kwa kuwa magurudumu yake yalikwisha kugoma siku nyingi, alilazimika kukikumbatia kama mtu aliyebeba mbuzi. Alipita nacho sokoni, akafika kwenye kituo cha gari la waya linalopandisha watu mji mpya wa Kilele, akakiweka katikati ya lango la abiria, akakaa.

Mlinzi alimwendea kwa adabu. "Shikamoo mzee. Samahani, hapa ni njia."

Luvanda aliitika kwa kichwa, lakini hakuondoka.

"Unamsubiri mtu?"

Akatikisa kichwa.

"Basi naomba utupishe, mzee wangu. Gari limeshafika."

Hapo Luvanda akafungua kinywa. Taya lilisogea mbele, midomo ikatetemeka, jasho likamtoka licha ya baridi ile, lakini ulimi ulikuwa umelala kinywani kama kipande cha ini. Mlinzi akadhani mzee anapatwa na kiharusi. Mama mmoja aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni, na tenga lake la parachichi, alimtazama mzee usoni, kisha akaiona nyota ndogo ya shaba kwenye ukosi wa koti lake.

"Huyu si mgonjwa," akasema taratibu. "Huyu ni wakili. Ameshikwa na kufuli."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Hata mtoto wa shule ya awali alijua kwamba mawakili wana kufuli, na kwamba kufuli hukamata kwa jambo moja tu, siri ya mteja. Yule mama aliinua macho akautazama waya unaopotelea ukunguni, akamtazama tena mzee kitini, akajitwika tenga lake na kuanza kupanda mlima kwa miguu. Aliyekuwa nyuma yake akamfuata. Foleni ikakatika kama uzi wa shanga.

Gari la waya halikupanda tena siku ile. Wakaguzi waliitwa, wakafungua breki za mnara wa pili, wakakuta springi zilizokwisha kazi zimepigwa rangi mpya. Kesho yake ilikuwa siku ya gulio la Kilele, siku ambayo magari yale hujaa watu mpaka milango ifungwe kwa kusukumwa. Aliyezitia sahihi springi zile, Mhandisi Obadia Tweve, alikamatwa jioni akiwa nyumbani kwake, wala hakubisha.

Siku chache baadaye Tweve, kutoka mahabusu, alipeleka malalamiko yake kwenye Kamati ya Maadili ya Mawakili. Alisema alimwambia wakili wake siri, na wakili wake akaitoa.

*

"Nimeipata njia," alisema Atuganile Mwakyoma, akivua viatu mlangoni.

Alikuwa wakili wa miaka ya kutosha sasa, mwenye ofisi yake na sauti yake mahakamani, lakini katika nyumba ile alikuwa bado yule binti aliyetoka chuoni akitetemeka, ambaye Luvanda alimfunza kuandika hati ya madai na kunyamaza jaji anapofikiri. Hakuwahi kumwita kwa jina. Alimwita Mwalimu, naye Luvanda alimwita msomi, kwa utani zamani, baadaye kwa kumaanisha.

Luvanda alikuwa jikoni na mkewe, Mama Neema, akimenya viazi vibaya sana, akitupa nusu ya kiazi pamoja na ganda.

"Karibu, msomi. Njia ya kwenda wapi?"

"Ya kukutoa. Kanuni inasema wakili asitoe siri ya mteja kwa kutamka, kwa kuandika, wala kwa kuashiria kwa mkono. Basi. Wewe hukutamka. Hukuandika. Mikono yako ilikuwa magotini muda wote, picha zipo. Ulikaa, Mwalimu. Kukaa hakumo kwenye kanuni."

Mama Neema aliweka kisu chini. "Asante Mungu," akasema.

Kanuni ile iliandikwa hivyo kwa sababu ya kufuli lenyewe. Zamani, kabla Atuganile hajazaliwa, kulikuwa na mawakili waliouza siri za wateja wao kwa makampuni, na watu wakafika mahali pa kuugulia kesi zao nyumbani badala ya kumwamini mwenye joho. Ndipo ikaja punje, kidude kisichozidi mbegu ya ufuta, kinachopandikizwa kwenye shina la ulimi siku wakili anapoapishwa, na kingine kama hicho kwenye kifundo cha mkono. Mteja akija huweka dole gumba kwenye kibao cha wakili na kutaja jina lake. Tangu hapo, kila anachosema hutiwa muhuri, isipokuwa lile ambalo mwenyewe ataruhusu litoke. Punje husikiliza mishipa ya koo na ya vidole, na neno la siri likitaka kuzaliwa hulizima kabla halijawa sauti wala wino. Haijui habari ikishatoka gazetini. Haijui wema wala ubaya. Kanuni za kale zilimruhusu wakili kufungua mdomo ili kuokoa maisha ya mtu, lakini wauza siri wote walijificha nyuma ya ruhusa ile, na punje haina mizani ya kupimia, kwa hiyo ruhusa ikafutwa. Watu wakarudi kwa mawakili. Siri ya mtungi ikabaki kwa kata.

Wataalamu walifunga ulimi, wakafunga mkono. Miguu hakuna aliyeifikiria.

"Ni hoja nzuri," Luvanda alisema. "Inashinda."

"Najua inashinda."

"Usiitoe."

Atuganile alidhani hakusikia vizuri. Mama Neema alisikia vizuri, akainuka akaenda kusimama dirishani, akawapa mgongo.

"Nilikaa pale ili watu wajue," Luvanda aliendelea, "na watu wakajua. Ukiwaambia Kamati kwamba hilo si kutoa siri, watakubali, maana wananipenda. Halafu mwezi ujao wakili mwingine atakwenda kusimama mlangoni kwa mtu, aseme kwa miguu alichofungwa kusema kwa mdomo, na hatakuwa na mtu yeyote wa kuokoa. Nani atakuja tena kutuambia lolote, msomi?"

"Kwa hiyo unajuta."

"Sijuti."

"Mwalimu, huwezi kusema umekosa na papo hapo useme ungerudia."

"Kwa nini nisiweze? Mimi si sheria. Mimi ni mtu." Akachukua kiazi kingine. "Kulikuwa na mtu aliniamini. Nilimvunja. Kulikuwa na watu wa gulio, hawanijui, na sikuwa na namna nyingine. Yote mawili ni kweli. Kamati kazi yake ni lile la kwanza."

"Watakufuta. Watakuvua joho. Unaweza kuwa nani bila joho?"

Hilo lilimgusa, Atuganile aliliona likimgusa. Mzee alifuta mikono kwenye suruali, akanyoosha dole gumba. "Lete kibao chako."

"Mwalimu, tafadhali."

"Lete, mwanangu."

Akaweka dole. "Yoram Luvanda," akasema kwa sauti ya ofisini, na Atuganile akausikia ule mchomo mdogo chini ya ulimi, kama sisimizi. "Naagiza hoja ya kukaa isitolewe. Hilo nakuruhusu uwaambie. Hili jingine ni letu." Akainama, akazungumza chini kidogo ili mkewe asisikie. "Siku ile nililizunguka soko mara mbili na kile kiti, nikitumaini mtu ataniuliza ninakwenda wapi, nipate kisingizio cha kurudi. Niliogopa sana. Nataka mtu mmoja alijue hilo."

Akarudi kwenye viazi. Mama Neema, bado akitazama nje, akauliza, "Amekuambia nini?"

Atuganile alifungua kinywa, na ulimi wake ukalala.

*

Kamati ilikutana kwenye ukumbi wa zamani wa halmashauri, ambao paa lake la bati hulia jua likiwaka. Mwenyekiti alikuwa Jaji mstaafu Kokugonza, mama mwembamba wa Bukoba aliyekuwa na desturi ya kuvua miwani kila alipotaka kusema jambo zito, na kulia na kushoto kwake waliketi wajumbe wawili. Mawakili wa mji mzima walikuwa wamejaa kwenye mabenchi. Wengi wao walikuwa wamepita mikononi mwa Luvanda, na walikuja na sura za watu waliokuja kumchukua baba yao hospitalini.

Tweve aliletwa na askari. Atuganile alikuwa amejiandaa kumchukia, na kwa muda aliweza. Alikuwa mtu mkubwa wa mwili, mwenye sweta iliyomlegea, anayeongea akitazama meza.

"Nilizipitisha zile springi kwa sababu mpya zilichelewa na wakubwa walikuwa wananisukuma," alisema. "Sijitetei. Nilikosa usingizi. Nikaenda kwa Wakili Luvanda nimwambie, anisaidie namna ya kulisema. Nilitaka kulisema. Nilikuwa naomba siku chache niongee na mke wangu kwanza, asije akasikia kwenye kioo cha habari."

"Na alisikia wapi?" aliuliza Jaji Kokugonza.

"Kwenye kioo cha habari, Mheshimiwa."

"Ningelisema mwenyewe," Tweve aliendelea. "Labda. Nadhani ningelisema. Sasa sitajua kamwe, maana yeye alinitangulia. Watu wote wanajua mimi ni mtu aliyekamatwa. Hakuna atakayejua kama ningekuwa mtu aliyekiri."

Atuganile alitazama kando. Luvanda alikuwa ameinamisha kichwa, na mikono yake, iliyokuwa imekaa kwa utulivu magotini siku ile ya lango, sasa ilikuwa imeshikana.

Zamu ya utetezi ilipofika, Atuganile alisimama. Jaji alivua miwani kabla hajasema neno.

"Wakili msomi, Kamati imeisoma kanuni. Imeisoma mara nyingi kuliko kawaida. Tumeona inataja kutamka, kuandika na kuashiria kwa mkono." Aliwatazama walio mabenchini, kisha akamrudia Atuganile. "Je, upande wa utetezi una lolote la kusema kuhusu orodha hiyo?"

Mlango ulikuwa wazi. Mjumbe wa kushoto alikuwa amekwisha kushika kalamu. Mabenchi yalilia, watu wakijisogeza mbele. Atuganile alihisi maneno yamejipanga kooni mwake, mazuri, mafupi, na punje haikuyazuia, maana hoja ile ilikuwa yake mwenyewe, aliipata kabla dole halijawekwa. Angeweza kuitoa. Luvanda angemkasirikia mwaka mmoja, miwili, halafu wangekula viazi pamoja kama kawaida, naye angekuwa na joho lake. Alimtazama. Mzee hakutikisa kichwa, hakukunja uso. Alimtazama tu, kama alivyomtazama siku zile alipokuwa akimwacha ajibu swali la jaji peke yake.

Akamtazama na Tweve, ambaye alikuwa ameacha kutazama meza. Alikuwa anamtazama yeye, akisubiri kuona kama siri yake itahesabiwa si kitu.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," alisema, "hoja ipo. Mteja wangu ameniagiza nisiitoe. Nami namtii mteja wangu."

Jaji Kokugonza alivaa miwani yake. "Mlalamikiwa ana la kusema?"

Luvanda alisimama. Alijaribu kutaja jina la Tweve, na kufuli likamshika mbele ya watu wote. Mwanzoni ilikuwa kama kichekesho, kisha haikuwa. Alingoja ulimi urudi, akamgeukia yule mtu mwenye sweta.

"Nimekukosea," akasema. "Ulikuja mlangoni kwangu ukiwa na mzigo, ukautua, nami nikauchukua nikaenda nao njiani. Siombi unisamehe. Nataka iandikwe kwamba ulikuwa na haki."

Kamati ilitoka, ikarudi. Jaji alisoma uamuzi taratibu: jina la Yoram Luvanda lifutwe kwenye daftari la mawakili, aruhusiwe kuomba kurudishwa baada ya muda uliowekwa na sheria. Alipomaliza aliongeza, bila kutazama karatasi, kwamba alikuwa na wajukuu Kilele, na kwamba hilo lisingeandikwa.

*

Punje zilitolewa zahanati, asubuhi, na nesi kijana mwenye sumaku ndogo kama kalamu. Hakukuwa na damu. Zilianguka kwenye kisahani, mbili, nyeusi, na Luvanda akaziinamia kuzitazama kwa udadisi wa mtu anayeonyeshwa jino lake.

"Hizi tu?" akauliza.

"Hizi tu, babu."

Akajaribu ulimi. "Tweve," akasema. Atuganile, aliyekaa kando yake na Mama Neema, alishtuka kana kwamba sahani imevunjika. "Tweve," alirudia mzee, polepole, kisha akavaa kofia yake, na habari hiyo ikaishia hapo.

Lakini mji haukujua kwamba imeishia hapo. Karibu maisha yake yote Luvanda alikuwa amesikiliza: talaka, mashamba, watoto wa nje, mwanakwaya aliyeiba kinanda cha kanisa. Sasa hakukuwa na kitu kinachomzuia kusema isipokuwa yeye mwenyewe. Watu walianza kumsalimu kwa heshima iliyopitiliza. Wengine walivuka barabara. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alimletea jogoo, bila sababu yoyote aliyoitaja, na Luvanda akamrudishia jogoo wake kwa mkono wake mwenyewe, akamwuliza hali ya mama mkwe. Mama Neema, ambaye kwa miaka yote alikuwa amelala kando ya mwanamume aliyejua kila kitu, alijaribu mara moja tu.

"Ile kesi ya shemeji yangu," alisema wakila.

"Chumvi imekolea leo," alijibu Luvanda.

Mvua zikaja, zikaisha. Watu wakachoka kuogopa. Atuganile alifika kwao kila Jumapili baada ya ibada, na alimkuta mzee amejitwalia kazi ya kulima bustani, ambayo aliifanya vibaya kama viazi. Hakulizungumzia joho. Mara moja tu Atuganile alimkuta amesimama mbele ya kabati lililo wazi, akilipangusa joho vumbi begani, kama mtu anayemwandaa mwenzake kwa safari. Alirudi nyuma bila kukohoa, akapiga hodi kwenye mlango wa mbele.

*

Jumapili moja walikuwa wamekaa barazani wanakunywa chai, Mama Neema amekwenda kumtazama mgonjwa, walipomwona mtu mkubwa wa mwili akipanda njia. Alikuwa Tweve. Alikuwa ametoka kwa dhamana, na kesi yake ilikuwa inakaribia kuanza. Alisimama chini ya ngazi, kofia mkononi.

Atuganile aliinuka. Alikuwa na mengi ya kumwambia mtu huyu, aliyokuwa akiyapanga tangu siku ya zahanati.

"Karibu," alisema Luvanda. "Za nyumbani?"

"Si nzuri, mzee. Mke wangu ameniacha, kisha amerudi, ila haongei." Tweve alizungusha kofia. "Nimekwenda kwa mawakili. Wazuri tu. Naweka dole, nataja jina, wananiambia sema. Nashindwa. Kufuli lao halinisaidii kitu. Kila nikimtazama mtu najiuliza, huyu naye ana nini ndani. Wewe najua una nini ndani. Niliona." Akavuta pumzi. "Kuna jambo kuhusu zile springi ambalo sijamwambia mtu yeyote. Si mimi peke yangu. Nataka nikuambie wewe."

"Usiseme," alisema Luvanda.

Alisema kwa ukali ambao Atuganile hakuwahi kuusikia kwake, akawa amesimama, kiganja mbele kama askari wa barabarani.

"Usiongeze neno. Mimi si wakili. Ukiniambia mimi ni sawa na kumwambia jirani. Mwendesha mashtaka akiniita kizimbani akaniuliza, sina kinga ya kukataa, na siwezi kusema uongo. Nitakuumiza mara ya pili. Umenielewa?"

Tweve aliitika kwa kichwa taratibu. Uso wake ulianza kufungika.

"Lakini huyu hapa," Luvanda alisema, "ni wakili."

Atuganile alimgeukia. "Mwalimu, mimi nilikutetea dhidi yake."

"Ndiyo. Kwa hiyo ridhaa inatakiwa ya mteja wako wa zamani, ambaye ni mimi. Nimeridhia. Na yake yeye, kama ataitoa. Mwulize."

Atuganile alimtazama yule mtu aliye chini ya ngazi. Aliyatafuta maneno aliyokuwa ameyapanga, akayakuta, na hayakuwa na pa kwenda. Alichokiona ni mtu aliyepanda mlima na mzigo kwa mara ya pili, kwenye nyumba ileile.

"Bwana Tweve," akasema, "mimi nampenda huyu mzee. Ujue hilo kwanza. Siku ya Kamati nilikuwa na njia ya kumwokoa, naye akanikataza, nami nikamtii. Ukiniagiza jambo nitakutii hivyo hivyo, hata likiniuma. Ukiona hilo linakutosha, panda ukae. Lisipokutosha nitakutafutia mwingine."

Tweve alifikiri. Kisha akapanda ngazi moja, ya pili, akafika barazani, na Atuganile akatoa kibao mkobani akakiweka mezani kati ya vikombe.

Luvanda alikuwa amekwisha kuondoka. Alikuwa anazunguka nyumba kuelekea bustanini, kwa haraka isiyolingana na magoti yake, na kabla hajafika kona akaanza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti kubwa ya kupasuka, mahadhi akiyakosea kabisa, ili asisikie na ili wajue kwamba hasikii. Aliendelea kuimba huko nyuma, jembe likigonga mawe, na beti zilipomwishia akarudi mwanzo.

Tweve aliweka dole gumba kwenye kibao, akataja jina lake.

"Anza popote," alisema Atuganile.